Wakaguzi wamekataa njia yetu ya kupanga bei: je, mahakama inaweza kuirudisha?

"Mimi ni mhasibu mkuu wa kampuni inayonunua pampu za maji na vipuri kutoka kwa kampuni mama iliyoko nchi nyingine, na kuviuza hapa. Bei ya kununulia tumekuwa tukiipanga kwa njia ya bei ya kuuzia tena: tunabaki na asilimia 30 ya mauzo kama faida ghafi, kiasi kingine kinakwenda kwa kampuni mama. Mwaka uliokaguliwa tulifungua tawi jipya na kufundisha mafundi, tukapata hasara ya asilimia 2 ya mauzo. Wakaguzi wa kodi wameitupa njia yetu na kutumia njia ya faida halisi ya muamala. Wametulinganisha na kampuni sita, ambazo faida yake ya uendeshaji (inayobaki baada ya gharama zote za kuendesha biashara) ni kati ya asilimia 1 na 6 ya mauzo, na wanataka tuhesabiwe faida ya asilimia 4. Mshauri mmoja anasema uchaguzi wa njia ni suala la ushahidi, mahakama haigusi, tulipe yaishe. Mwingine anasema twende hadi mahakama ya juu kabisa. Nani yuko sahihi? Makadirio ya kodi yametufikia siku kumi na mbili zilizopita."

Nianze na hizo siku kumi na mbili, maana zinanitia wasiwasi kuliko hoja yenyewe. Sheria za kodi huweka muda mfupi wa kupinga makadirio. Kenya na Tanzania, kwa mfano, ni siku 30. Muda ukikupita, makadirio yanakuwa deni, na hoja zako hata ziwe nzito namna gani, kwanza utaanza kueleza kwa nini umechelewa. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, itoe ile barua, angalia tarehe iliyopokelewa, uhesabu. Angalia pia kama sheria ya kwenu inakutaka ulipe kitu ndipo pingamizi lako lipokelewe. Kenya inakutaka ulipe sehemu usiyoibishia. Tanzania inataka sehemu isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa kampuni iliyotoka kupata hasara, kupata fedha hizo ndani ya wiki mbili si jambo dogo.

Sasa washauri wako. Wa kwanza amechukua kanuni ya kweli akaivuta kupita inapofika. Wa pili ana haki kusema mlango wa mahakama upo, lakini nina shaka kama amekueleza ndani ya mlango huo kunafanyika nini. Wasiwasi wako una maswali mawili yaliyofungwa pamoja: je, njia yenu ilikuwa sahihi? Na je, nani ana mamlaka ya kusema haikuwa sahihi? Tuyafungue moja moja.

Kanuni ya msingi unaijua: kampuni zenye mmiliki mmoja zikiuziana, bei kwa ajili ya kodi inapaswa kuwa ile ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana katika mazingira yale yale. Njia zote tano zinazojulikana ni vipimo tu vya kuitafuta bei hiyo. Wahasibu wengi bado wanaamini vipimo hivyo vina ngazi: bei linganishi (bei ya muamala kama huo kati ya wasiohusiana) juu, kisha bei ya kuuzia tena, na gharama na nyongeza (gharama ya muuzaji ukiongeza faida yake), na njia za faida ni za kukimbilia pale zote zimeshindikana. Mtazamo huo ulikuwa na msingi chini ya miongozo ya mwaka 1995 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ambayo nchi nyingi huifuata kwenye mambo haya. Mwaka 2010 ngazi hiyo iliondolewa, na tangu hapo swali ni moja: ni njia ipi inayofaa zaidi kwa muamala huu, kwa taarifa zilizopo? Marekani ilishaelekea huko kwenye kanuni zake za 1994. Kilichobaki ni upendeleo mdogo: njia mbili zikiwa za kuaminika sawasawa, ile ya bei linganishi au ya jadi hutangulia. Kwa hiyo ukiandika kwenye pingamizi kwamba "njia yetu ni ya jadi, yao ni ya mwisho," hoja hiyo haitafika mbali. Utahitaji kuonyesha kwamba kwa pampu zenu na hesabu zenu, kulinganisha faida ghafi kunaaminika kuliko kulinganisha faida ya uendeshaji.

Na hapa lazima nikwambie ukweli usioupenda. Njia ya bei ya kuuzia tena ni nzuri kwa msambazaji anayenunua na kuuza bila kuibadilisha bidhaa, na kwa maelezo yako ninyi ni hao. Udhaifu wake umejificha kwenye leja. Faida ghafi inategemea ni gharama zipi mmeziandika juu ya mstari wa faida ghafi (kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa) na zipi chini yake. Niliwahi kukaa siku mbili na mhasibu wa kampuni moja ya usambazaji, leja imefunguliwa mezani, tunapitia ankara moja baada ya nyingine. Faida yao ghafi ilikuwa 31 kwa kila 100 ya mauzo, za wenzao zilizunguka 24. Kwa macho ya haraka walikuwa wanalipwa vizuri kupita kiasi. Kumbe gharama za dhamana, yaani kubadilisha mashine zilizorudishwa na wateja, wao waliziandika kwenye gharama za uendeshaji, na wenzao waliziandika kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa. Tulipozihamisha, 31 ikashuka hadi 25. Biashara ilikuwa ile ile, bei ile ile. Kilichobadilika ni safu ya kuandikia.

Mkaguzi anayeikataa njia yenu huenda anasema hilo tu: hesabu za kampuni linganishi zilizochapishwa hazionyeshi dhamana, usafiri na ushuru viko safu gani, kwa hiyo ulinganifu wa faida ghafi ni wa kubahatisha. Faida ya uendeshaji haiumizwi na tatizo hilo, kwa sababu gharama zote zimeshaondolewa ziwe zimeandikwa wapi. Kama ndiyo sababu yake, na hamna taarifa za kuijibu, mimi kama jirani yako nisingekushauri uipiganie njia kwa ajili ya njia.

Lakini faida ya uendeshaji nayo ina ugonjwa wake, na ndio unaowagusa ninyi. Inabeba kila kitu kilichotokea mwaka ule, hata visivyohusiana na bei mliyonunulia pampu. Chukua mauzo ya 100. Mmenunua kwa 70, mmebaki na 30, mmetumia 32, hasara 2. Tuseme ndani ya hiyo 32 kuna 4 za tawi jipya na mafunzo, matumizi ambayo zile kampuni sita hazikuwa nayo kwa sababu zina miaka mingi sokoni. Ziondoe ili mlingane nazo, mnapata faida ya 2, na 2 iko ndani ya 1 hadi 6. Tokeo likishaingia ndani ya masafa yanayokubalika, miongozo ya OECD inasema hakuna marekebisho ya kufanywa. Kusogezwa hadi katikati, kwenye hiyo 4 yao, ni kwa aliye nje ya masafa. Unaona? Mnaweza kuikubali njia ya wakaguzi na bado mkabatilisha makadirio. Kama ningekuwa na nafasi ya kukuandikia sentensi moja tu kwenye pingamizi, ningeandika hiyo.

Jiandae kwa swali litakalofuata, kwa kuwa mkaguzi makini ataliuliza: kwa nini ninyi mlibeba gharama za kufundisha mafundi wa pampu zenye chapa ya kampuni mama? Msambazaji asiyehusiana angekubali kuzibeba kama ana mkataba wa kumpa miaka ya kutosha kuvuna alichopanda. Mwenye mkataba unaoweza kuvunjwa kwa notisi ya miezi mitatu asingekubali. Angemwambia mwenye chapa alipe mwenyewe, au ampunguzie bei ya pampu. Ufungue mkataba wenu wa usambazaji leo. Kama ni wa miaka mitano, una jibu. Kama ni wa mwaka mmoja, hoja ya gharama za kuanzia inaweza kugeuka ikawa ushahidi dhidi yenu, na ni afadhali ulijue hilo wewe kabla ya mkaguzi kukuonyesha.

Kuhusu zile kampuni sita, omba majina yake, hesabu zake na vigezo vilivyotumika kuzichuja. Miongozo inatambua kuwa si haki kumtoza mtu kwa takwimu asizoruhusiwa kuziona na kuzijibu. Ukizipata, zisome kama msimamizi wa ghala, usizisome kama mhasibu peke yake: inauza pampu au inauza mabomba? Ina stoo ya vipuri? Inatoa mkopo wa miezi minne kwa wateja? Inatengeneza bidhaa zake yenyewe? Nimeona orodha ambayo moja ya kampuni "za usambazaji" ilikuwa na kiwanda, na ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yake ya mwaka. Kwenye orodha ya kampuni sita, kuondoka kwa moja kunaweza kuisogeza namba ya katikati kabisa.

Sasa twende mahakamani. Katika mifumo mingi, ngazi ya kwanza baada ya pingamizi ni baraza au mahakama ya kodi, na hiyo inasikiliza kila kitu: mashahidi, leja, wataalamu wa uchumi, mabishano ya dhamana iko safu gani. Juu ya hapo mlango unakuwa mwembamba. Kenya, rufaa kutoka Baraza la Rufaa za Kodi kwenda Mahakama Kuu ni kwa hoja ya kisheria tu. Tanzania, rufaa inayofika Mahakama ya Rufani ni kwa masuala ya sheria. Hapo ndipo mshauri wako wa kwanza alipopata maneno yake: kama uchaguzi wa njia na wa kampuni linganishi ni ushahidi mtupu, basi neno la baraza ni la mwisho.

Kwa muda fulani India ilikwenda hivyo hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Karnataka, kwenye shauri la Softbrands, ilisema mabishano ya kampuni ipi ilinganishwe na ipi iachwe hayazai hoja nzito ya kisheria, isipokuwa uamuzi wa baraza uwe umepotoka wazi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya India, kwenye shauri la SAP Labs, iliukataa ukuta huo. Ilisema hakuna kanuni kwamba bei iliyoamuliwa na baraza haiwezi kuchunguzwa kamwe; mahakama ya rufaa inaweza kuangalia kama sheria na kanuni za kutafuta bei hiyo zilifuatwa, pamoja na namna kampuni linganishi zilivyochaguliwa na kuchujwa. Soma vizuri kilichofunguliwa. Majaji hawakusema watachagua njia upya wao wenyewe. Walisema watakagua kama aliyechagua alipita pale sheria ilipomwelekeza apite.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa jibu langu, kwa hiyo nikae nayo kidogo. "Baraza lilipaswa kuipenda njia yetu kuliko yao" ni mabishano ya uzito wa ushahidi, na mahakama ya juu itayarudisha mlangoni. "Baraza halikuuliza kabisa ni njia ipi inafaa zaidi, lilikubali tu ya mkaguzi" ni hoja ya kisheria. Vivyo hivyo ukisema baraza lilikataa kuzingatia mkataba ambao sheria inalitaka liuzingatie, au halikutoa sababu, au lilifikia tokeo ambalo hakuna baraza lenye akili timamu lingelifikia kwa ushahidi ule. Hiyo ya mwisho ina umri mrefu; Baraza la Mabwana la Uingereza, wakati huo mahakama yake ya juu kabisa, liliiweka wazi mwaka 1955 kwenye shauri la kodi la Edwards dhidi ya Bairstow, na nchi nyingi zilizorithi mfumo huo bado zinaitegemea.

Shauri la GlaxoSmithKline la Kanada linaonyesha hoja ya aina hiyo inavyofanya kazi. Kati ya 1990 na 1993 kampuni tanzu ya Kanada ilinunua kiungo cha dawa ya vidonda vya tumbo kutoka kwa kampuni dada kwa dola 1,512 hadi 1,651 kwa kilo. Watengenezaji wa dawa zisizo na chapa walikinunua kwa dola 194 hadi 304. Ukisimama hapo, kesi imekwisha: kilo kwa kilo, tofauti ni ya kutisha. Lakini kampuni hiyo ilikuwa pia na mkataba wa leseni na kampuni mama, ulioipa kampuni tanzu chapa, hataza na msaada wa kitaalamu, na haki ya kununua chini ya mkataba ule haikutenganika na bei ya kilo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kuuweka mkataba wa leseni pembeni lilikuwa kosa, kwa sababu mazingira halisi ya kibiashara lazima yaangaliwe. Haikutaja bei sahihi. Ililirudisha shauri chini likapimwe upya.

Kwa Afrika Mashariki, shauri la Unilever Kenya ndilo wengi wetu tulijifunzia. Mamlaka ya kodi ililinganisha bei ambazo kampuni hiyo iliiuzia Unilever Uganda na zile ilizowauzia wanunuzi wasiohusiana nayo, ikasema pengo ni faida iliyofichwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya ilikubaliana na kampuni: masoko yanatofautiana, na kwa kuwa sheria ya wakati huo haikuwa na mwongozo wa namna ya kupima, miongozo ya OECD ilistahili kuzingatiwa. Mwaka uliofuata Kenya ikatoa kanuni zake za bei za uhamisho, yaani bei ambazo kampuni zenye uhusiano huuziana. Ushindi ule ulitokana na kosa la kisheria, yaani namna mamlaka ilivyokisoma kifungu.

Gharama yake ni muda. Shauri la Medtronic nchini Marekani lilihusu miaka ya kodi ya 2005 na 2006. Mahakama ya kodi iliamua 2016; mahakama ya rufaa ililirudisha 2018 ikisema uchambuzi wa ushahidi haukutosha kukagua ulinganifu; mahakama ya kodi ikaamua tena 2022. Kampuni kubwa inaweza kuishi na mgogoro wa umri huo. Kampuni ya pampu yenye matawi machache itakuwa inalipa mawakili huku riba ya kodi ikipanda.

Ndiyo maana nakusihi uiweke nguvu yote kwenye pingamizi na kwenye baraza. Faili litakalosomwa na mahakama ya juu ni hilo hilo utakalolijenga sasa. Mkataba usioutoa barazani, hesabu ya gharama za tawi usiyoiwasilisha, swali usilomuuliza mkaguzi aliyechuja kampuni sita, vyote hivyo kwa kawaida haviingii baadaye. Andika pingamizi kwa tabaka: kwanza, njia yenu ndiyo inayofaa, na sababu ni hizi, leja ni hizi, pili, hata kwa njia yao, mkirekebishwa kwa gharama za kuanzia mnaingia ndani ya masafa, tatu, kampuni hizi na hizi hazifanani nanyi. Na hoja ya kisheria itaje mapema kwa jina, hata kama baraza litaikataa, ili iwe imehifadhiwa.

Kuna mlango wa pembeni ambao washauri wote wawili hawakuutaja. Kama nchi yenu na ya kampuni mama zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, mnaweza kuziomba mamlaka za nchi hizo mbili zizungumze zenyewe. Fikiria: ile 6 mnayoongezewa (kutoka hasara ya 2 hadi faida ya 4), kampuni mama ilishaitolea kodi kwake. Kushinda au kushindwa mahakamani kwenu hakumlazimishi mtoza kodi wa upande wa pili airudishe. Mazungumzo hayo yanaweza. Mkataba wa mfano wa OECD unatoa miaka mitatu ya kuomba tangu taarifa ya kwanza ya hatua iliyozaa kodi hiyo, lakini mkataba wenu unaweza kusema vingine, na kwingine hukumu ya mahakama ya ndani huwafunga mikono maofisa wa kwenu wasiweze kulegeza chochote. Kwa hiyo ulizia hili kabla ya kukata rufaa. Kwa miaka ijayo kuna pia makubaliano ya bei ya mapema, yaani mamlaka kukubaliana nanyi kuhusu njia kabla ya biashara kufanyika, pale nchi inapoyatoa. Ni kazi ya miezi mingi, na kwa ukubwa wenu huenda isilipe.

Maelezo ya mbali kama haya yana mwisho wake. Sijaona mkataba wenu wala leja yenu, na hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua. Tafuta ndani ya wiki hii wakili aliyewahi kusimama mbele ya baraza la kodi kwa shauri la bei za uhamisho, pamoja na mchumi au mhasibu anayeweza kuzichambua zile kampuni sita. Wakili asiyesoma hesabu na mhasibu asiyejua muda wa rufaa kila mmoja atakuacha na nusu ya kazi. Nenda haraka zaidi kama barua inataja adhabu ya kukwepa kodi kwa kukusudia, kama kiasi kinachodaiwa kinaweza kusimamisha biashara, au kama mamlaka imeshaanza kuzungumzia akaunti zenu za benki.

Siku ya kwanza ya kukutana nao, beba barua ya makadirio na bahasha yake yenye muhuri wa tarehe, mkataba wa usambazaji na viambatisho vyake, leja ya gharama za mwaka ule yenye matumizi ya tawi na mafunzo yametengwa kwa mstari wake, na nyaraka za bei mlizoandaa wakati ule, hata kama mnaona aibu kwa jinsi zilivyo fupi.